Kisa cha Far Cry 2 kwenye banda la gemu Dodoma: ilipofaa na ilipokwama

Kisa hiki ni cha banda moja la gemu jijini Dodoma. Majina ya watu na mtaa nimeyaacha, na mahali pengine nimebadilisha alama kidogo ili mtu asitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wenye mabanda na mafundi wenzangu, kwa sababu swali lililotusumbua nalisikia kila ninapokwenda kutengeneza mashine: gemu ya risasi yenye dunia huria, ile ambayo mchezaji anazunguka atakako badala ya kufuata njia moja, inaweza kulipa kodi ya fremu?

Usuli

Banda ni fremu moja yenye mabenchi mawili, feni ya ukutani na runinga nne. Mashine tatu ni PS3 (PlayStation 3), moja ni PS4. Kwa miaka kadhaa kazi ya hapo ilikuwa gemu ya mpira wa miguu tu. Mechi moja shilingi 500, aliyefungwa ndiye anayelipa, aliyeshinda anabaki na padi akimsubiri anayefuata. Mechi ikichukua dakika kumi na mbili hivi, mashine iliyochangamka inaingiza shilingi 2,000 hadi 2,500 kwa saa. Huo ni utaratibu ambao haujaanzishwa na mtu mmoja. Umekomaa wenyewe mabandani, na hadi leo sijaona unaoushinda kwa kuingiza pesa haraka.

Shida ilikuja kiangazi. Wateja wengi wa banda ni wanafunzi wa vyuo, na vyuo vikifunga kwa likizo ndefu Dodoma inapungua watu waziwazi. Kuanzia Julai mashine mbili zilikuwa zinakaa kimya tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Waliobaki ni bodaboda wanaopumzika, walinzi waliotoka zamu ya usiku, na vijana wachache wa mtaani ambao wanajuana kiasi kwamba kila mmoja anajua nani atamfunga.

Bodaboda mmoja aliyekuwa akiegesha pikipiki mlangoni kila siku bila kuingia aliulizwa na mwenye banda kwa nini hachezi. Akajibu, "Mzee, mpira nafungwa na watoto halafu nalipa mimi. Niwekee gemu ya kuzurura peke yangu, nitakuja."

Mwenye banda akanipigia mimi, fundi wake. Nikapendekeza Far Cry 2. Nilikuwa na sababu: PS3 inaiendesha bila taabu, CD yake ya mtumba si ghali, na nchi inayoonekana ndani yake ni nyika kavu ambayo mtu wa Dodoma akiitazama anaiona ya kwao. Niliipendekeza kwa moyo wote, na sehemu ya makosa ya kisa hiki inaanzia hapo. Niliipima kwa jinsi nilivyoicheza mimi, nyumbani, usiku, bila mtu wa kunihesabia dakika.

Gemu yenyewe

Kwa asiyeijua: Far Cry 2 ilitengenezwa na Ubisoft Montreal na kutoka Oktoba 2008 kwa PS3, Xbox 360 na kompyuta. Mchezaji ni mamluki anayeingia katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, iliyo katikati ya vita vya makundi mawili. Ametumwa kumuua muuza silaha anayeitwa Jackal. Kabla hajaanza kazi anaanguka kwa malaria, na ugonjwa huo unamfuata gemu nzima.

Eneo la kutembea ni takriban kilomita za mraba 50: nyika, mito, msitu, jangwa, miji midogo. Unaendesha gari au mtumbwi wa injini, ramani ni karatasi unayoikunjua mkononi huku gari linatembea, na bunduki unazookota kwa maadui zina kutu na hukwama katikati ya mapigano. Ukitaka bunduki mpya unanunua kwa almasi. Injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, inaitwa Dunia, na walioipa jina hilo walikusudia maana ile ile tunayoijua sisi. Siku ya kwanza nilipowaambia vijana jambo hili walifurahi kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliomba niandike jina hilo kwenye karatasi niibandike juu ya runinga, nikafanya hivyo.

Haina sehemu ya watu wawili kucheza pamoja kwenye runinga moja. Hilo nililijua tangu mwanzo na sikulipa uzito.

Yaliyotokea

Tuliiweka kwenye PS3 ya pembeni, bei shilingi 500 kwa nusu saa. Hesabu ya mwenye banda ilikuwa rahisi: mashine iliyozimwa inaingiza sifuri, hata 1,000 kwa saa ni faida.

Mteja wa kwanza alikuwa yule yule bodaboda. Alikaa, akalipa 500, gemu ikaanza. Far Cry 2 inaanza ndani ya teksi. Dereva anaendesha na kuzungumza, unatazama dirishani, unapita watu wanaokimbia vita, mnasimama kwenye kizuizi, mnaendelea, ugonjwa unazidi, macho yanafunga. Unazinduka kitandani, Jackal yuko chumbani anakusemesha. Mimi sehemu hii naipenda sana. Yeye aliivumilia kwa heshima, akageuka mara mbili kumtazama kijana wa zamu, na nusu saa ikaisha akiwa ndiyo kwanza ameshika bastola. Akasimama, akasema taratibu, "Kaka, nimelipa nauli ya teksi." Hakurudi siku tatu.

Wiki ya pili wachezaji walikuwa sita, na wote walikuwa wanatumia akaunti moja ya mashine. Kila mmoja alihifadhi alipofika, na mmoja akahifadhi juu ya kazi ya mwenzake bila kujua. Aliyepotelewa alikuwa mlinzi wa usiku, mtulivu, kijana aliyekulia kwenye ufugaji katika vijiji vya upande wa Bahi. Alikuwa ameshatumia karibu saa tisa, maana yake shilingi 9,000 za mtu anayelipwa mshahara wa ulinzi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akauliza kama kuna njia ya kurudisha, akaambiwa hakuna. Kosa hilo lilikuwa langu. PS3 inaruhusu kufungua akaunti nyingi, kila moja na hifadhi yake, na kazi hiyo ni ya dakika tano. Sikuifanya kwa sababu kwenye mpira haikuwahi kuhitajika.

Kisha umeme. Siku moja, saa sita kasoro mchana, ulikatika mtaa mzima. Kwenye mpira umeme ukikatika mechi inafutwa, wanacheka, wanasubiri. Hapa ilikuwa tofauti. Kwenye kompyuta Far Cry 2 inakuruhusu kuhifadhi popote, lakini kwenye PS3 unahifadhi ukifika sehemu maalumu, hasa nyumba za maficho zilizotawanyika kwenye ramani. Mteja aliyekuwa akicheza alikuwa hajapita hata moja kwa dakika hamsini. Alitaka pesa yake yote. Kijana wa zamu alisema muda umetumika. Maneno yakapanda, na mwenye banda alipofika alikuta watu wazima wawili wamesimama uso kwa uso kwenye giza.

Malalamiko yaliyorudi mara nyingi zaidi, hata hivyo, yalikuwa ya vizuizi vya barabarani. Ramani imejaa vituo vya walinzi kwenye njia panda. Unakifika, unapigana, unawamaliza, unaondoka. Ukirudi baada ya kitambo, kituo kimejaa tena kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa anayecheza nyumbani ni usumbufu. Kwa anayelipa kwa dakika ni kama kutozwa mara mbili kwa kitu kimoja. Bodaboda wetu, ambaye alikuwa amerudi, alikiangalia kituo kimoja kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akaweka padi mapajani, akasema, "Huyu bwana wa kofia nyekundu nimeshamzika mara mbili leo."

Mengi yalitukwama, lakini kuna asubuhi moja nataka niieleze kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyomzuia mwenye banda asiitoe ile CD.

Mlinzi wa usiku alikuwa ameanza upya kwenye akaunti yake. Alitakiwa kupita kituo kilichokuwa juu ya kilima kidogo, majani makavu pande zote. Akarusha chupa ya petroli. Moto ukashika, ukanyanyuka, halafu ukageuka na kumfuata yeye mwenyewe. Akafa. Kwenye gemu hii moto si picha ya kupambia. Unakwenda na upepo, unakula majani makavu, unaacha ardhi nyeusi. Vijana waliokuwa nyuma wakamwambia atumie bunduki.

Hakuwajibu. Alirudi pale pale, akasimama mbali, akawasha moto mdogo ambao haukuwa na shabaha yoyote, akatazama moshi. "Upepo unatoka mkono wa kushoto," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ng'ombe wake. Akazunguka kilima chote hadi upande unaotoka upepo, safari ya dakika nne bila kurusha risasi. Akafika, na kabla ya kufanya chochote akachoma ukanda wa majani alipokusudia kusimama, akangoja uzime, akaingia katikati ya ule weusi. Ndipo akarusha chupa ya pili kuelekea kilimani. Moto ukapanda wenyewe. Walinzi wakaanza kukimbia huku na huko, ghala lao la risasi likalipuka, na yeye amesimama kwenye majivu, hana cha kuogopa, kwa sababu pale palishaungua.

Banda lilinyamaza. Hata waliokuwa kwenye mpira walisimamisha mechi. Mmoja akamuuliza amejifunza wapi. "Nyumbani," akasema. "Kiangazi moto ukija kwenye malisho, unachoma mbele yako kwanza." Hakuna mahali popote kwenye gemu panapofundisha hivyo. Waliotengeneza waliweka upepo, majani na moto vifuate kanuni zake, na mtu aliyeijua kanuni hiyo tangu utotoni akaitumia.

Tukio la mwisho lililotulazimisha kuamua lilihusu watoto. Mama mmoja wa jirani alikuja jioni, akamsalimu mwenye banda vizuri, kisha akasema, "Baba, mwanangu anasimama hapo dirishani kila akitoka shule. Usiku anaweweseka, anasema wamemchoma. Mnaonyesha nini humu?" Mtoto hakuwa amecheza hata mara moja. Alikuwa anatazama tu. Runinga ile ya pembeni ilikuwa inaelekea dirishani.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa la watoto, na mwenye banda hakuhitaji kushauriwa. Alimwomba radhi yule mama, akageuza runinga iangalie ukuta wa nyuma, akashona pazia la dirisha. Gemu hii kwa Marekani ina alama ya M, yaani miaka 17 na zaidi. Yeye aliweka 18 na akaandika mlangoni. Ilichezwa asubuhi tu, kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana, shule zikiwa hazijatoka. Kipande cha mchezaji kujichomoa risasi mkononi kwa koleo kinaonekana karibu mno hata kwangu mimi mtu mzima. Sioni sababu ya mtoto wa darasa la tatu kukiona akiwa na mfuko wa daftari begani.

La pili, akaunti. Kila mteja akafunguliwa yake kwa jina la utani, na daftari likawekwa: jina, saa alizocheza, nyumba ya maficho aliyohifadhi mara ya mwisho.

La tatu lilihusu ule mwanzo wa teksi. Niliona njia moja tu. Kijana wa zamu akawa anafika mapema, anafungua akaunti ya mteja mpya, anaucheza mwanzo wote mwenyewe na kuuacha kwenye nyumba ya maficho ya kwanza. Mteja akija anashika padi na kuingia kazini. Ilimgharimu kijana karibu dakika arobaini kwa kila mteja, na mwenye banda alimwongezea posho kidogo kwa hilo. Hasara yake ilijitokeza baadaye: watu walianza kuuliza kwa nini mchezaji wao anaumwa, na Jackal ni nani. Kijana akalazimika kuwahadithia kwa mdomo. Alikuwa na kipaji cha kuhadithia, hivyo tukapona. Banda lenye kijana mkimya lingeshindwa.

Kuhusu umeme, tulikubaliana kwamba mteja anayekatikiwa anarudishiwa muda tangu alipohifadhi mara ya mwisho, si zaidi. Haki inakuwa wazi kwa pande zote, na kila mtu anapata sababu ya kuhifadhi. Kijana alikuwa anapita kila dakika ishirini akisema, "Sevu, kaka." Pia tulinunua UPS ndogo ya mtumba, kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine kwa muda umeme ukikatika. PS3 nyembamba pamoja na runinga ya inchi 32 havili umeme mwingi, na ile UPS ilitupa dakika kama saba, zinazotosha mara nyingi kukimbilia nyumba ya karibu. PS3 nene ya mwanzo ingeimaliza mapema zaidi, kwa hiyo gemu tukaihamishia kwenye nyembamba.

Vizuizi vilivyojaa tena hatukuweza kuvifuta, maana ndivyo gemu ilivyotengenezwa. Kijana alichora ramani kubwa kwenye boksi la runinga, akaibandika ukutani, vituo kwa kalamu nyekundu, mito kwa bluu, vituo vya basi vya kukuhamisha upande mmoja hadi mwingine kwa kijani. Wateja wakaanza kupita mtoni. Wengine walijifunza kulala kwenye nyumba ya maficho na kuamka usiku, kwani gizani walinzi hawaoni mbali.

Bei ikawa 1,000 kwa saa nzima, nusu saa tukaifuta. Nusu saa kwenye gemu hii haimpeleki mtu popote.

Matokeo

Baada ya wiki kumi hivi, daftari lilionyesha wateja saba wa kudumu wa asubuhi. Mashine ambayo ilikuwa inaingiza sifuri hadi 1,000 kabla ya saa nane mchana ilikuwa inaingiza 3,000 hadi 4,000 siku za kazi. Ukitoa posho ya kijana na umeme, faida ilikuwepo, ndogo lakini ya kila siku. Vyuo vilipofungua, mwenye banda aliirudisha mashine kwenye mpira kuanzia saa nane, na gemu ikabaki ya asubuhi. Hakuna aliyelalamika.

Mimi nilimshauri ajaribu pia Far Cry 3 ya mwaka 2012. Humo kituo ukishakiteka kinabaki chako, na hilo peke yake lingetuondolea nusu ya malalamiko. Aliichukua, akaicheza nyumbani usiku mmoja, akanirudishia. Ina picha za ngono na utupu, na banda lake liko katikati ya familia za watu. Nilijaribu kubishana, kwamba ni sehemu chache tu. Akasema, "Fundi, sehemu hiyo moja ndiyo itakayotazamwa na mama aliyekuja kununua vocha." Alikuwa sahihi.

Uchambuzi

Kwanza fedha, maana ndiko tulikoanzia. Mashine ya mpira iliyojaa inashinda kwa mbali, na yeyote anayefikiria kuondoa mpira jioni ili aweke gemu ya mtu mmoja atajuta mwisho wa mwezi. Mpira una wachezaji wawili na wasubiri wanne, kila mmoja na 500 mfukoni. Far Cry 2 ina mlipaji mmoja. Thamani yake iko kwenye saa zilizokufa na kwa mteja ambaye mpira haumtaki. Yule bodaboda na yule mlinzi hawakuwa wateja wa banda kabla, na hao ndio faida halisi. Hatukugawanya wateja wa zamani, tuliongeza wapya.

Nililokosea kabisa ni kudhani watazamaji watachoka. Walikaa. Almasi zimefichwa kwenye vijisanduku 221, na kifaa cha mchezaji huwaka taa ya kijani akikaribia. Basi benchi zima linaongoza: rudi, kata kulia, imewaka, imezima. Na rafiki wa mchezaji, mamluki mwenzake anayekuja kumwokoa anapoanguka, akijeruhiwa yeye, ni lazima uamue umchome sindano ngapi kabla hazijamuua. Niliona wanaume wanne wakijadili jambo hilo kwa sauti za chini kama wako wodini. Nguvu ya gemu hii ni kwamba mambo hutokea bila kuandikwa, na jambo lisiloandikwa linapendeza zaidi likiwa na mashahidi.

Malaria iligawa watu. Dodoma haina malaria nyingi kama Kigoma au Geita, lakini hakuna mtu mzima bandani ambaye hajawahi kuugua au kuuguza. Walipenda kwamba ugonjwa upo, kwamba shujaa wa gemu anaweza kupatwa na kitu wanachokijua. Hawakupenda jinsi kinavyotibiwa. Unameza kidonge kimoja, macho yanasafishika, unaendelea kupigana. Mtu aliyemeza vidonge ishirini na vinne vya dawa mseto kwa siku tatu, vinne asubuhi na vinne jioni, huku mdomo mchungu na miguu haina nguvu, anajua kuwa hiyo si malaria. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa vijana wanasikia. Kijana wa zamu alijitwika kazi ya kuwaambia wapya kwamba dozi humalizwa.

Bunduki zinazokwama, ambazo wachezaji wengi duniani wanazilaumu, hapa hazikuleta ugomvi hata kidogo. Bodaboda alizielewa siku ile ile. Kifaa cha kuokota hakina historia unayoijua, nunua chako, kitunze, kibadilishe kabla hakijakuacha njiani. Pikipiki imemfundisha hivyo.

Upande wa mashine, mafundi wenzangu waangalie vumbi. Mpira una mapumziko kati ya mechi, gemu hii inaisukuma PS3 saa nne mfululizo, na vumbi la kiangazi cha Dodoma ni jekundu na laini, linaingia hata palipofungwa. Feni ilianza kulia wiki ya tano. Nilikuwa nafungua na kupuliza kila baada ya wiki mbili badala ya miezi miwili, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Udhaifu ambao hakuna daftari wala UPS inayouponya ni nchi yenyewe. Ardhi imetengenezwa kwa upendo: mwanga wa jioni, miti yenye mwavuli, pundamilia wanaokimbia gari. Watu hawakutengenezwa hivyo. Karibu kila unayemwona ana bunduki na anakupiga risasi, hata kama kazi uliyonayo umetumwa na kundi lake. Raia wa kawaida ni wachache, wamejificha ndani ya nyumba wakisubiri hati za kutorokea. Wanazungumza haraka mno, maneno hayapumui, na kwa Kiingereza kitupu, kwa hiyo mteja asiye na Kiingereza cha kutosha anabaki na milio ya bunduki tu. Mlinzi wa usiku aliendesha gari kutoka mji mmoja hadi mwingine, jua linazama, akasimama juu ya kilima akatazama pande zote.

"Hawa wanakula wapi?" akauliza. "Sijaona shamba. Sijaona mama ntilie, sijaona hata mtoto anachunga."

Nilimweleza kwamba ni nchi ya vita, watu wamekimbia. Alifikiri kidogo. Alisema watu wakikimbia mashamba hubaki, na mifugo hubaki inazurura, na mbwa. Sikuwa na jibu, na baada ya kuicheza gemu hii miaka mingi nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo. Mtu akitaka kuiweka bandani kwake, nashauri awaambie wateja wake jambo hili waziwazi tangu siku ya kwanza, kama tunavyowaambia kuhusu dozi.

CD imeanza kukwaruzika. Mwenye banda ameniagiza nimtafutie nyingine kabla ya Juni, wanafunzi hawajaondoka.